Malengelenge miguuni baada ya kushuka Shimo la Mungu, Newala: tiba na kinga

Mwana_Kitangari (Jumapili, saa 1:20 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa kibarazani, mguu wa kulia nimeuweka juu ya stuli. Naomba mnisome hadi mwisho, maana jambo hili tunalichukulia dogo hadi siku linapotukuta.

Jana tulikuwa watu sita. Tulitoka Newala mjini alfajiri, tukashuka Shimo la Mungu, ule mteremko mkali ukingoni mwa Newala, kwa njia ya miguu hadi bondeni upande wa mto Ruvuma. Tukapumzika kwa wenyeji, wakatukaribisha ming'oko (mizizi ya porini ya kuchemsha) na chai, na saa nane mchana tukaanza kupanda kurudi. Aliyewahi kusimama pale juu anajua: bonde lote linakuwa chini ya miguu yako, na ng'ambo ni Msumbiji. Bibi zetu wa uwandani walikuwa wakishuka mabonde ya namna hii kufuata maji na kupanda nayo kichwani kabla mabomba hayajafika. Nilitaka kuionja njia yao.

Miguuni nilivaa raba za mtumba nilizonunua mnadani wiki hiyohiyo. Kwa nje safi, soli nzima, hazibani. Leo ndipo nilipoinua ile soli ya ndani. Nimekuta imebonyea vidole vya mtu mwingine, vyote vitano vinahesabika, na kidole gumba chake kilikaa mahali tofauti kabisa na changu. Nyuma kwenye kisigino kitambaa kimelika na plastiki ngumu imetokeza, ukipitisha kidole inakwaruza. Nimetembea kutwa nzima ndani ya nyayo za mtu nisiyemjua.

Kwenye mteremko vidole vilikuwa vinasukumwa mbele. Kwenye kupanda kisigino cha kulia kikaanza kuwaka moto. Sikusimama. Wenzangu walikuwa mbele, jua linaelekea kushuka, nikaona haya kuwasimamisha watu watano kwa sababu ya soksi yangu. Nikajikaza. Baada ya muda nikahisi unyevu ndani ya kiatu, na kila hatua ikawa kama naweka kisigino kwenye chumvi.

Hali ilivyo sasa: kidole gumba cha kushoto kina lengelenge zima, limejaa maji, ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Kisigino cha kulia limepasuka, ngozi inaning'inia, chini ni nyekundu, ukubwa unazidi sarafu ya shilingi mia mbili.

Jirani ananiambia niikate ngozi yote nipake majivu. Mwingine anasema nipitishe sindano na uzi, uzi niuache humohumo ukamue maji. Nifanye lipi? Na tukirudi tena mwezi ujao nijikinge vipi?

---

Dada_Zahanati (saa 1:48 usiku)

Kaka, pole sana. Majivu usipake, na uzi usiuache ndani. Uzi ule ni njia ya wadudu kuingia moja kwa moja kwenye nyama. Ngozi ya juu ndiyo bandeji bora uliyonayo usiku huu, wala hujailipia.

Tuanze na lile zima la kidoleni. Lengelenge dogo lisilouma tunaliacha. Mwili unayanyonya maji wenyewe na ngozi mpya inaota chini yake kwa siku chache. Lifunike tu lisisuguliwe. Kama una sponji au kitambaa kinene, kikunje uache tundu katikati, mfano wa kata wanayoweka akina mama kichwani chini ya ndoo. Lengelenge likae kwenye tundu, uzito ubebwe na pembeni.

Kama ni kubwa, linauma, na liko mahali unapokanyagia, ni afadhali ulitoe maji kuliko lipasukie ndani ya kiatu chafu. Nenda duka la dawa ununue sindano mpya ya hospitali, ile iliyofungwa. Nawa mikono kwa sabuni, osha mguu, pangusa ngozi ya juu kwa spiriti au aidini uache ikauke. Toboa pembeni, chini kabisa karibu na ngozi nzima, matundu mawili au matatu madogo. Usitoboe katikati. Kandamiza taratibu kwa gozi safi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda) hadi maji yaishe, na ngozi uilaze palepale ilipokuwa. Paka mafuta ya mgando kidogo au dawa ya kupaka ya antibiotiki, funika kwa gozi na plasta. Badilisha kila siku, na kila ikilowa.

Asubuhi unaweza kukuta limejaa tena. Usiogope. Matundu huziba haraka, rudia vilevile ndani ya zile saa 24 za mwanzo.

Likiwa na damu ndani, liache, usilitoboe.

Kisigino sasa. Osha kwa maji safi na sabuni, ondoa mchanga wote, hata kama panauma. Spiriti usiimimine kwenye kidonda kilicho wazi, inaunguza nyama inayojaribu kupona. Ngozi inayoning'inia, kama ni safi na laini, ilaze juu ya kidonda kama ulivyoikuta. Kama imekauka au imejikunja na uchafu, kata kile kipande kilichokufa tu kwa mkasi uliochemshwa. Kisha mafuta ya mgando na gozi. Kidonda chenye unyevunyevu kidogo kinapona vizuri kuliko kilichoachwa wazi kikauke na kupasuka.

Nauliza: umewahi kuchomwa sindano ya pepopunda? Mwaka gani?

---

Mwana_Kitangari (saa 2:05 usiku)

Asante sana dada. Pepopunda nilichomwa nikiwa shule ya msingi, baada ya hapo sikumbuki. Kesho nitapita zahanati.

---

Dada_Zahanati (saa 2:09 usiku)

Pita kweli. Kidonda cha mguuni kilichoingia udongo si cha kubahatisha.

---

Babu_Mikindani (saa 2:40 usiku)

Wajukuu zangu, sisi zamani tulikuwa hatuna raba. Ukitaka nyayo ziwe ngumu unachukua mafuta ya maganda ya korosho unapaka kisiginoni. Nyayo zinakuwa kama soli.

---

Dada_Zahanati (saa 2:52 usiku)

Shikamoo babu. Naomba kwa heshima zote nikupinge hapa, na naomba kila anayesoma asiruke.

Yale mafuta ya ganda la korosho ni makali. Yana asidi inayobabua ngozi na kuinua malengelenge yake yenyewe. Nimewafunga mikono akina mama wabanguaji, viganja vimebabuka, ngozi nyeusi inabanduka vipande kwenye ncha za vidole. Ndiyo maana mbanguaji anayejua kazi hupaka mikono mafuta au majivu kabla hajagusa ganda. Mtu mwenye lengelenge lililopasuka akipaka yale mafuta, anaongeza jeraha la kuungua juu ya kidonda.

---

Babu_Mikindani (saa 3:10 usiku)

Marahaba mwanangu. Ni kweli, marehemu mke wangu alikuwa akibangua, na vidole vyake vilikuwa hivyohivyo unavyosema. Nimekuelewa. Nafuta ushauri wangu, kijana asipake.

---

Mfamasia_Masasi (Jumatatu, saa 12:30 asubuhi)

Dada hapo juu amemaliza tiba. Mimi nizungumzie lengelenge linatoka wapi, maana ukishajua chanzo, kinga unaiona mwenyewe.

Weka ncha ya kidole juu ya mgongo wa mkono wako, kandamiza, halafu sogeza mbele na nyuma bila kidole kuteleza. Unaona ngozi inavyofuata kidole huku mfupa umebaki chini? Ndivyo inavyokuwa kisiginoni. Ngozi imeng'ang'aniana na soksi, soksi imeng'ang'aniana na kiatu, mfupa ndani unakwenda na kurudi kila hatua. Mvutano huo ukirudiwa mara maelfu, tabaka za ngozi zinachanika ndani kwa ndani, ngozi ya juu ikiwa bado nzima, na maji yanajaza ule mwanya. Ndiyo maana malengelenge hupenda wayo na kiganja, ngozi yake ni nene. Mahali penye ngozi nyembamba pangechubuka tu.

Jasho linazidisha. Ngozi yenye unyevunyevu inang'ang'ania kuliko ngozi kavu. Kwa joto letu la kusini, saa moja tu soksi ya pamba imeshashiba maji na inayashikilia. Soksi za sufu au za nyuzi za viwandani zinayatoa nje upesi zaidi.

Plasta ya karatasi, ile nyeupe nyepesi ya kubandikia gozi, ndiyo kinga ninayoipendekeza kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliijaribu mwaka 2014 kwa wakimbiaji 128 wa mbio za kilomita 250 za siku kadhaa. Kila mmoja alibandikwa sehemu fulani za miguu, nyingine zikaachwa. Zilizobandikwa zilipata malengelenge pungufu kwa 40%. Bandika asubuhi mguu ukiwa mkavu, pale unapojua panakusumbua, bila mikunjo, na pembe za plasta uzikate ziwe za mviringo zisibanduke. Mkunjo mmoja wa plasta unatosha kuleta lengelenge lingine.

Mafuta ya mgando yanasaidia mwanzoni tu. Yakishanyonywa, msuguano unarudi na unaweza kuzidi ule wa mwanzo, kwa hiyo ukichagua njia hiyo upake tena na tena njiani. Poda sina imani nayo, ikilowa jasho inaganda vidongevidonge.

Kuna na dawa za kuzuia jasho. Mwaka 1998 ilichapishwa tafiti ya wanafunzi wa chuo cha jeshi la Marekani waliopaka dawa yenye alumini kloridi 20% kabla ya matembezi ya kilomita 21. Waliopaka, 21% walipata malengelenge. Waliopaka ya kulinganisha isiyo na dawa ndani, 48%. Lakini 57% ya waliotumia dawa walipata muwasho wa ngozi, dhidi ya 6% ya wengine. Kwangu mimi hiyo ni kuhamisha tatizo. Mteja akiniuliza dukani namwelekeza kwenye plasta.

---

Mstaafu_Nachingwea (saa 2:15 asubuhi)

Kijana, nimetembea sana na begi mgongoni enzi za utumishi, na nimeongoza vijana wengi. Kosa lako halikuwa raba peke yake. Kosa ni ule moto ulioupuuza.

Kwangu ilikuwa amri: kikosi kikishatembea dakika ishirini za mwanzo, wote simama, vua viatu, kung'uta mchanga, tazama miguu. Anayehisi moto anasema, na hakuna wa kumcheka. Dakika tano zile zinaokoa siku nzima. Mtu aliyenyamaza saa tatu ndiye tuliyembebea begi saa tisa, na wengine ikabidi tumbebe yeye mwenyewe. Ule moto ngozi bado haijachanika. Ukisimama hapo, ukabandika plasta, ukabadili soksi, ukakaza kamba, lengelenge halitoki. Ukichelewa nusu saa hakuna plasta ya kulirudisha.

Kamba za viatu watu hawazijui. Ukianza kuteremka, kaza pale juu karibu na kifundo, mguu usiteleze kwenda mbele kugonga vidole. Ukianza kupanda, hakikisha kisigino hakinyanyuki ndani ya kiatu. Raba nyingi zina tundu la mwisho kabisa juu ambalo hakuna anayelitumia. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule iwe kitanzi, kisha kila kamba uiingize kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, ndipo ufunge. Kisigino kitatulia.

Soksi beba jozi mbili za ziada. Wakati wa kupumzika vaa kavu, zilizolowa zitundike nje ya begi zikauke kwa jua. Kucha kata siku mbili kabla. Kiatu nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za kutwa, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kiatu kipya au cha mtumba kivae kwanza sokoni, msikitini, kanisani, shambani, wiki mbili. Na ile soli ya ndani ya mtumba itoe utupe, weka mpya.

---

Mwana_Kitangari (saa 2:40 asubuhi)

Shikamoo mzee. Nimekusoma mara mbili. Hilo la kunyamaza limenigusa, kwa sababu baadaye nimegundua mwenzetu mmoja naye alikuwa anaumia na amenyamaza kwa ajili yangu mimi. Tulikuwa tunaoneana haya.

---

Mama_Palizi (saa 4:05 asubuhi)

Naomba kuuliza, mikono nayo ni hivyohivyo? Sisi wa Tandahimba tukianza kufyekea mikorosho viganja vinatoka malengelenge siku ya kwanza tu.

---

Mfamasia_Masasi (saa 4:20 asubuhi)

Ni hivyohivyo, mama. Mpini na kiganja badala ya kiatu na kisigino. Bandika plasta sehemu za chini ya vidole kabla ya kuanza, mpini usiwe na nyufa, na siku ya kwanza fyeka kwa muda mfupi, uongeze siku hadi siku. Ngozi inajijenga yenyewe ukiipa muda. Lengelenge likipasuka usiendelee na kazi bila kulifunika, udongo wa shambani una vimelea vya pepopunda.

---

Binti_Lindi (saa 7:30 mchana)

Nimesita kuandika, ila naandika kwa ajili ya wenye wazazi wagonjwa.

Mama yangu ana kisukari. Alinunua ndala mpya za kwenda arusini, mkanda ukamtoa lengelenge kati ya kidole gumba na cha pili. Hakusikia maumivu, sisi ndio tuliona usiku soksi imelowa. Tukaenda duka moja la dawa, muuzaji akavuta ile ngozi kwa kibano akaibandua yote, akapaka dawa ya rangi, akasema atapona. Baada ya siku tisa kidole kikawa cheusi. Tulifika hospitali tumechelewa, kidole kikakatwa. Mama anatembea, namshukuru Mungu, lakini kila nikiona miguu yake narudi kwenye ile siku.

Kwa mtu kama yeye tufanye nini?

---

Dada_Zahanati (saa 8:15 mchana)

Pole mdogo wangu. Pole sana, na mpe mama pole yangu.

Mwenye kisukari asitobolewe lengelenge nyumbani wala dukani, hata liwe dogo vipi. Afunikwe kwa gozi safi na aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu ya miguu, ndiyo maana hakusikia, na inapunguza damu kufika vidoleni, ndiyo maana kidonda hakifungi.

Kila usiku mtazameni miguu, juu, chini, na katikati ya vidole kimoja kimoja. Akiwa peke yake atumie kioo akiweke sakafuni. Kabla hajavaa kiatu aingize mkono ndani apapase kama kuna kokoto au mshono uliotokeza, maana mguu wake hautamwambia. Ndala za mkanda wa kati ya vidole azipe mapumziko. Mchanga wa mchana asiukanyage pekupeku, unaunguza na hatasikia.

Na hili ni kwa wote, mwenye kisukari na asiye nacho. Wekundu ukianza kutanuka kuzunguka kidonda, pakiwa pa moto, usaha, harufu, mstari mwekundu unaopanda mguuni, mtoki kinenani, au homa, acha kila kitu uende kituoni. Mwaka 1924 mtoto wa Rais wa Marekani, Calvin Coolidge mdogo, umri miaka 16, alicheza tenisi na viatu bila soksi, akapata lengelenge kidoleni. Vijidudu vikaingia kwenye damu, na hazikupita siku kumi akafariki, ikulu na madaktari wote wapo. Penisilini ilikuwa haijagunduliwa, iligunduliwa 1928. Leo dawa zipo hadi zahanati ya kijijini. Kinachobaki ni kuwahi.

---

Mtembezi_wa_Lindi (saa 11:50 jioni)

Mimi napeleka wageni kilima cha Tendaguru, huku Lindi. Wengi wenu mnajua habari ya ile mifupa ya mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) iliyochimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913 na sasa iko Berlin. Kilichonikaa moyoni siku zote ni wabebaji. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilitoka kule hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya babu zetu, mwendo wa siku nne kwenda, kisha kurudi kuchukua mzigo mwingine.

Mgeni mmoja aliwahi kuniambia watu wa hapa hawahitaji viatu, ngozi zao ngumu. Si kweli. Sugu haizuii lengelenge, linatoka chini ya sugu, ndani kabisa, na hilo ndilo baya kuliko yote: hulioni, sindano haifiki, unalisikia kila ukikanyaga. Miguu yangu mimi ina sugu za miaka kumi na tano na bado nasugua kwa jiwe kila wiki zisinenepe.

Begi langu la safari halikosi plasta ya karatasi, gozi, sindano mbili mpya, aidini kichupa kidogo, mkasi na soksi. Vyote vinaenea kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwenye njia ya mchanga nawaambia wageni wafunge kitambaa juu ya kiatu, kifundoni, maana punje moja ikiingia ndani ya soksi inafanya kazi ya msasa.

---

Mwana_Kitangari (Jumatatu iliyofuata, saa 1:00 usiku)

Wakuu, narudi na mrejesho.

Sindano ya pepopunda nimechomwa. La kidoleni nililitoa maji Jumapili ileile, likajaa tena asubuhi, nikarudia. Jumatano ngozi ilikuwa imeshikana na nyama, leo imekauka inabanduka yenyewe na chini yake ipo mpya ya rangi nyepesi. Kisigino kimenichelewesha. Siku ya tatu kulikuwa na wekundu pembeni, nikauzungushia alama ya kalamu kama Dada alivyonielekeza kwa ujumbe, nione kama unavuka. Haukuvuka. Leo pamefunga, ila panawasha.

Zile raba nimezichana nyuma nikaona ile plastiki yote. Fundi viatu wa stendi amenishonea ngozi laini juu yake na kuweka soli mpya ya ndani. Nazivaa nyumbani saa moja kila jioni.

Tumekubaliana wote sita: tukishuka tena, baada ya dakika ishirini za mwanzo na kila tunapopumzika, viatu chini. Mwenzetu aliyenyamaza ndiye tuliyempa kazi ya kutamka "simama".

---

Mstaafu_Nachingwea (saa 1:25 usiku)

Vizuri. Mnashuka lini?

---

Mwana_Kitangari (saa 1:31 usiku)

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao mzee, kisigino kikiruhusu. Kisiporuhusu tutasogeza mbele.